Redio Haijamaliza Kusema

Redio yetu inakaa dirishani, juu ya kopo la biskuti, kwa sababu hapo ndipo inaposhika vizuri. Kila jioni, saa moja kasoro robo, mwanangu hukaa mbele yake hata kabla ya kuvua viatu. Yeye ni fundi wa mapaa. Watu wanamwita Misumari, kwa kuwa hubana misumari midomoni akiwa kazini, na nyumbani pia akijisahau.

Msomaji wa hali ya hewa huanza na habari za mvua. Akisema ipo, Misumari anasonya, kisha anazima. Akisema haipo, Misumari anazima redio papo hapo. Amefanya hivyo miaka kumi na miwili. Yale mengine hajawahi kuyasikia.

Jioni moja, kiangazi kilikuwa kimeanza. Alikuwa ameezua paa la madarasa mawili ya shule iliyo mtaa wa pili, na wanafunzi wangerudi baada ya wiki mbili.

"Kwa siku kumi zijazo hatutarajii mvua," redio ilisema. "Hata hivyo, mgandamizo mkubwa wa hewa..."

Akazima.

"Umesikia, mama? Siku kumi kavu. Nitapiga bati tangu asubuhi mpaka jua lizame. Siku nne tu, kazi imekwisha."

"Amesema hata hivyo," nilimwambia. "Hata hivyo nini?"

"Hata hivyo hakuna mvua." Akacheka peke yake.

Mke wake alikuwa anamenya viazi. Alitupa ganda ndooni kwa kishindo. "Mume wangu humkatiza kila mtu. Sasa hata redio haina haki ya kumaliza sentensi."

Siku ya kwanza alirudi na macho mekundu. Shati lake la bluu lilikuwa na mistari myeupe mgongoni. Nilililoweka nikaona ni chumvi ya jasho. Siku ya pili alisema kichwa kinamgonga, akasukuma sahani pembeni.

"Kesho pumzika," mkewe alimwambia.

"Nipumzike nikingoja mvua? Wewe unajua nini kuhusu mapaa?"

"Sijui mapaa. Nakujua wewe, na leo hufanani na mtu."

Siku ya tatu, saa nane mchana, nilisikia magurudumu uani. Shemeji yake, kaka wa mke wake, ambaye hufanya naye kazi, alikuwa anasukuma mkokoteni wa kubebea mabati. Mwanangu alikuwa ndani yake, miguu inaning'inia.

"Alikuwa anapiga nyundo pasipo na msumari," shemeji alisema.

Nilimgusa mwanangu shingoni. Aliwaka kama pasi. Alimwangalia mke wake akamwita mwalimu, akamwambia ampe bati lingine.

Mkewe alikimbia na kikombe cha maji.

"Usimnyweshe," ilisema sauti kutoka mlango wa pili.

Alikuwa jirani yetu, mama anayefanya kazi kituo cha hali ya hewa. Tunamwita Mpima Hewa. Alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Haongei sawasawa. Mtu wa hivyo maji yatampalia. Mlazeni kivulini. Mvueni shati na viatu. Mwagieni maji mwili mzima, msiache. Shemeji, pigia hospitali, sema joto limempiga na amechanganyikiwa. Waje na gari sasa hivi."

Mimi nilimwaga maji kwa jagi, ndoo baada ya ndoo. Niliweka vitambaa vibichi shingoni na makwapani. Mkewe alimpepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka gari likafika. Hakulia. Alikuwa amekasirika mno.

Alilazwa siku mbili. Daktari alituambia kwamba maji yale ya uani ndiyo yaliyomwokoa.

Siku aliyorudi, Mpima Hewa alikuja kumjulia hali. Misumari alitarajia pole. Hakuipata.

"Napima mimi mwenyewe," jirani alisema. "Nasoma kipimajoto, naandika, natuma. Wenzangu wanaunganisha, redio inasoma. Kazi yote hiyo ili wewe uzime?"

"Dada, mimi kazi yangu ni mvua tu."

"Kazi yako ni kuwa hai kwanza." Alichukua mfuniko ule ule, akaufunika juu ya sufuria. "Huu ndio mgandamizo mkubwa wa hewa. Hewa ya juu inashuka, inakandamiza ya chini, inazidi kupata joto. Mawingu hayapati nafasi ya kujijenga. Jua linapiga kutwa bila kizuizi, na joto la leo linalikuta la jana bado halijaondoka. Siku uliyoanguka, kivulini kulikuwa na nyuzi thelathini na nane. Juu ya bati je?"

Misumari alitazama viganja vyake. Vilikuwa na malengelenge.

"Na mwanzo wa kiangazi ndio hatari zaidi," aliendelea, "maana mwili haujazoea."

"Lakini nilikuwa na haraka. Paa liko wazi."

"Haraka ya nini? Kinacholeta joto hili ndicho hicho hicho kinachozuia mvua. Paa lingelowa na nini?"

Misumari aligeuza macho dirishani, ilipo redio.

Ndipo mkewe alipolia. "Ulipewa siku kumi," alisema. "Kumi. Ukataka kufa katika tatu."

Niling'oa kitufe cha kuwashia na kuzimia redio, nikakifunga kwenye pindo la nguo yangu.

Kazi iliendelea kwa namna nyingine. Mwanangu alikaa kivulini akielekeza, kama daktari alivyoagiza. Shemeji na fundi mwenzake walipanda saa kumi na mbili asubuhi, wakashuka saa nne. Walirudi saa kumi na nusu jioni. Walivaa kofia pana na kunywa maji kila robo saa, bila kungoja kiu. Kila mmoja alimchunga mwenzake. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kugonga, unashuka hapo hapo.

"Tumekuwa maharusi," shemeji alinung'unika.

"Maharusi hawapandi mikokoteni," Misumari alimjibu.

Jioni ya siku ya kumi ilibaki safu moja ya bati. Niliwasha redio, nikakichomoa kitufe tena; ikasema kesho hakuna mvua. Mkono wa mwanangu ukaenda wenyewe, ukakuta kijiti kitupu cha chuma mahali pa kitufe. Shemeji naye akaanza kupanga kazi ya wiki nyingine.

"Nyamaza," Misumari alimkemea. "Hajamaliza."

"Hata hivyo," redio ilisema, "mgandamizo huo umeanza kulegea. Keshokutwa mchana tunatarajia mvua kubwa."

Kesho yake, kabla ya saa nne, bati la mwisho lilipigwa.

Mvua ilianza siku iliyofuata, saa saba. Tulikwenda wote shuleni, tukasimama ndani ya darasa, tukaangalia juu. Sakafu ilibaki kavu mpaka pembeni.

Niliporudi nilifungua pindo, nikampa kitufe chake. Alikigeuza kiganjani, kisha akakitia ndani ya kopo la biskuti, akalifunga, akairudisha redio juu yake bila kuizima.