Batuli Atafuta Muuzaji wa Mafuta

Kila asubuhi Batuli huwasha mashine ya kukamua alizeti nyuma ya nyumba yake, Ipagala, Dodoma. Mafuta hutoka, hutulia, kisha huchujwa. Wanawake wawili humsaidia kuyajaza kwenye chupa za lita moja. Ni mafuta mazuri. Majirani wote wanayajua. Tatizo lilikuwa kwamba majirani peke yao ndio walioyajua.

Batuli hakuweza kukamua na kuzunguka madukani kwa wakati mmoja. Alihitaji muuzaji. Siku ya Idd, ukoo wa mume wake ulikusanyika Kondoa, na habari hiyo ikatajwa. Kabla sahani hazijaondolewa, baba mkubwa alisema, "Mudrick yupo, hana kazi ya kudumu. Mchukueni." Wote wakaitikia. Kazi ikagawiwa kama nyama ya Idd, na Batuli hakuulizwa lolote.

Mudrick ni mdogo wa Shaaban, mume wa Batuli. Ni mshereheshaji wa harusi. Akishika kipaza sauti, hata walionuniana hucheka. Batuli naye akajiambia, "Mwenye mdomo kama huu atauza hata mawe." Akamwajiri. Hapo ndipo alipokosea.

Baada ya miezi miwili, Petro, mwenye duka Chamwino, alipiga simu.

"Mama, njoo uchukue katoni zako."

"Mafuta yana kasoro?"

"Hayana. Lakini muuzaji wako aliniambia yanatibu presha. Nami nikawaambia wateja. Sasa mama mmoja ameacha dawa zake za hospitali, amezidiwa. Naitwa mwongo dukani kwangu mwenyewe!"

Batuli aliona aibu, kisha akashikwa na hasira. Mama yule alitibiwa akapata nafuu, lakini habari zilienea. Maduka mengine nayo yakaacha kuagiza. Stoo ilijaa chupa. Mwezi mmoja zaidi wa hali hiyo, na Batuli angezima mashine. Wale wanawake wawili wangerudi nyumbani bila kazi.

Jioni alikwenda kwa jirani yake, Yasinta, ambaye alisimamia wauzaji wa sabuni kwa miaka kumi na minane.

"Shikamoo, dada Yasinta."

"Marahaba. Mbona umekunja uso hivyo?"

Batuli alieleza yote.

"Ulipomwajiri, ulimuuliza nini?" Yasinta aliuliza.

"Sikumuuliza kitu. Ni shemeji yangu."

"Ulimfundisha habari za mafuta yako?"

"Hapana."

"Mlikuwa na mkataba?"

Batuli alitikisa kichwa.

"Basi kosa si la Mudrick peke yake. Mdogo wangu, muuzaji mzuri anajua kusikiliza. Akiingia dukani huuliza kwanza: wateja wako wanapenda nini? Nini kinakusumbua? Na hasemi uongo, kwa sababu wiki ijayo atarudi duka lile lile. Mshereheshaji harudi kwenye harusi ile ile."

"Sasa muuzaji wa hivyo nitamjuaje?"

"Andika kazi yenyewe: maduka gani, siku gani, mshahara na kamisheni. Tangaza, waje wengi. Piga simu walikofanya kazi zamani. Kisha wajaribu siku tatu, na siku hizo uwalipe. Kila mmoja mpe chupa sita na daftari la kuandika anayoyasikia madukani. Wakirudi, usihesabu chupa tu. Soma daftari."

Usiku Batuli alimweleza Shaaban mpango huo, naye akasita. "Mama Habibu, Kondoa watasemaje?"

"Waache waseme. Mashine ikizimwa, maneno yao hayatatulisha."

Kesho yake Batuli alimwita Mudrick, akamwambia bila kuzunguka. "Shemeji, kwenye harusi hakuna wa kukushinda. Kwenye mafuta umeniharibia. Kazi inatangazwa upya. Ukitaka, njoo ujaribiwe kama wengine." Mudrick alinuna, akaenda zake. Siku ya majaribio hakuonekana.

Walikuja watu watano. Mmoja alikuwa Joel, mtu wa makamo kutoka Kongwa. Alizungumza polepole, kwa lafudhi nzito ya Kigogo. Batuli nusura amrudishe. Kisha akampigia simu mwenye duka la mbegu alikofanya kazi Joel zamani. "Joel? Wakulima wanamuulizia mpaka leo," aliambiwa.

Siku ya tatu, kijana mmoja alirudi akitamba, chupa zote zimeuzwa. Daftari lake lilikuwa tupu. Joel alirudi na chupa mbili. Batuli akafungua daftari lake, akasoma:

"Duka la karibu na shule: watu hununua mafuta ya siku moja. Wanataka robo lita. Duka la sokoni: vifuniko vinavuja, rafu inachafuka. Petro, Chamwino: amekasirika sana. Nimemsikiliza. Nimemwambia mafuta ni ya kupikia, si dawa. Nimemwomba radhi."

Batuli alishangaa. Hakuna aliyewahi kumwambia habari za vifuniko. "Nani alikutuma kwa Petro?"

"Hakuna, mama. Nilisikia kwamba alikosewa. Nikaona nianze na aliyekasirika."

Batuli alimwajiri Joel, pamoja na Munira, mmoja wa wale watano, ambaye daftari lake nalo lilijaa. Aliwaonyesha mafuta yanavyokamuliwa na kuchujwa. Aliwaeleza wanachoruhusiwa kusema na wasichoruhusiwa. Wakasaini mkataba, miezi mitatu ya kwanza ikiwa ya majaribio. Batuli akabadilisha vifuniko na kuanza kujaza chupa za robo lita.

Stoo ikaanza kupungua. Miezi mitatu ilipokwisha, mashine ilikuwa inanguruma mpaka alasiri, na wanawake wa kujaza chupa walikuwa watatu.

Siku moja Batuli alifuatana na Joel hadi Chamwino. Mafuta yake yalikuwa kwenye rafu ya mbele ya Petro. Mteja mmoja, mama wa makamo, alishika chupa akaigeuza.

"Petro, haya ndiyo yale yanayotibu presha?"

Joel alitaka kujibu, lakini Petro alimtangulia.

"Hapana, mama. Haya ni ya kupikia. Kwa presha, nenda hospitali, na dawa usiache."

Mama yule aliirudisha chupa kwenye rafu.

"Haya, nipe robo lita," alisema. "Nina mchicha wa kukaanga."