Biskuti za Kumuaga Mtu wa Juu

"Umenivunja meno! Kumi na moja! Wewe kaka, huoni unapokanyaga?"

Watu wote waliokuwa wakimiminika kuingia na kutoka kwenye lile jengo la maofisi waligeuka kutazama. Mlango wake wa kioo, ule wa kuzunguka, ulikuwa umekwama, na katika chumba chake kimoja, chembamba kama kabati, walibanwa watu wawili. Mmoja alikuwa binti mfupi mwenye gauni la bluu lenye vifungo vyeupe, nywele kazifunga juu kwa utepe, boksi pana mikononi. Wa pili alikuwa kijana mrefu aliyevaa fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa, kofia ngumu kwapani, buti zimeganda saruji.

"Samahani sana, dada," kijana alisema huku akimchungulia usoni. "Lakini mbona naona meno yako yote yapo?"

Binti alifungua boksi kwa kishindo. Ndani mlikuwa na biskuti zenye umbo la jino, zimepakwa aisingi nyeupe ya sukari, kila moja imechorwa macho mawili na tabasamu. Zilikuwa za sherehe ya kumuaga daktari wa meno aliyestaafu, ghorofa ya sita, na zilitakiwa kufika dakika kumi zilizopita. Kumi na moja zilikuwa zimepasuka katikati.

"Ndiyo kazi yangu. Napamba biskuti. Siku mbili nimeinama juu ya haya meno, na wewe na mabuti yako unakuja kuusukuma mlango kama unasukuma ng'ombe!"

Kijana alinyoosha vidole viwili, akachukua nusu ya jino, akatafuna. "Tamu," alisema. "Kama anayezipika ni mtamu, sijui. Kazi yake sukari, mdomo wake pilipili."

Binti angekuwa na mkono mtupu angemzaba kofi. Badala yake, mlango uliponasuka, alijikuta anacheka kwa hasira, na kicheko cha namna hiyo ndicho kibaya zaidi, kwa sababu huwezi kukirudisha kooni.

Kijana alimsindikiza mpaka ghorofa ya sita kumwombea radhi kwa daktari. Kabla hawajashuka alikuwa amepata namba yake ya simu, na binti alikuwa amepata jina: Pilipili. Binti naye alimpa lake. Kijana yule alikuwa mwendesha kreni, ile ya njano iliyokuwa ikijenga hospitali mpya ng'ambo ya pili ya mzunguko wa barabara. Kutwa alikaa kwenye kibanda angani, miguu yake juu ya vichwa vya watu. Akamwita Mtu wa Juu.

Mapenzi yao yaliishi kwenye simu. Dirisha la jiko la Pilipili lilitazamana na kreni, na Mtu wa Juu alifunga kitambaa chekundu kwenye ncha ya mkono wa kreni ili mpenzi wake asikosee.

"Nakuona, laazizi. Umefungua dirisha. Unapika nini?"

"Viatu vya mtoto. Kuna mtu anatimiza mwaka mmoja kesho. Wewe unanyanyua nini?"

"Tofali. Lakini moyo wangu mzito kuliko tofali."

"Angalia usiwaangushie watu huo moyo."

Jumapili walitembea pamoja mpaka miguu ikawauma. Kila Jumapili, karibu na saa ya kuagana, Mtu wa Juu alirudia neno lile lile.

"Lini utanipeleka kwenu?"

"Subiri kidogo."

Kidogo hicho kikawa mwaka. Pilipili hakuwa anaringa. Alikuwa anaogopa. Mama yake, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye hata baada ya kustaafu watu wazima walificha sigara wakimwona, alikuwa na jeraha. Mume wa binti yake mkubwa alikwenda mbali kutafuta kazi. Alipiga simu kwa miezi mitatu, kisha simu ikanyamaza, na imenyamaza mpaka leo. Siku waliyokata tamaa, mama alisimama mlangoni akasema, "Ndani ya nyumba hii hataingia tena mwanamume ambaye kazi yake ni kuhamahama." Na kreni, kama ajuavyo kila mtu, jengo likiisha huhama.

Asubuhi ya Alhamisi moja simu iliita. Namba ngeni.

"Haloo, ndiye binti wa biskuti?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimepewa namba yako na jirani, amekusifu mpaka nikachoka kumsikiliza. Nina sherehe Jumamosi mchana. Namuaga kitinda mimba wangu. Kapata kazi bandarini, nchi za mbali huko, miaka miwili! Anaondoka Jumatano."

"Hongera sana, mama. Tuchore nini? Ndege? Masanduku ya safari?"

"Acha hivyo. Nataka kreni, maana ndiyo kazi yake. Arobaini hivi. Zifanane na yake hasa hasa. Ile inayojenga hospitali, umewahi kuiona? Ya njano, ina kitambaa chekundu nchani."

Pilipili aligeuka dirishani. Kitambaa kilikuwa kinapepea.

"Naiona, mama," alisema.

"Basi iwe hivyo hivyo, na kitambaa chake usikisahau. Sijui alikifunga cha nini. Nikimuuliza anacheka tu."

Alikata simu. Hapo hapo akampigia Mtu wa Juu.

"Pilipili wangu! Nilikuwa nakutazama sasa hivi. Umesimama kama mlingoti, kuna nini?"

"Hakuna. Nimepiga tu kukusikia. Una jipya lolote?"

Upepo ulivuma ndani ya simu. Pilipili alimpa nafasi. Mungu shahidi, alimpa nafasi, akahesabu pumzi tatu.

"Jipya? Hakuna, mpenzi. Upepo tu huku."

Pilipili akakata.

Dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akisukuma na kukata biskuti zote, aliposikia habari alitupa mti wa kusukumia unga mezani. "Sikukwambia? Wanaume wote baba mmoja mama mmoja! Piga simu useme hufanyi."

"Nitafanya."

"Una wazimu?"

"Nitafanya, tena zitakuwa biskuti nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Simpi mtu nafasi ya kusema kazi yangu mbaya."

Akafanya kazi kwa hasira iliyonyooka kama rula. Alichapa sukari laini na ute wa mayai mpaka mashine ikalia. Aisingi ya kuchorea aliiacha nzito kama dawa ya meno. Ya kujazia aliilainisha kwa maji, tone kwa tone, mpaka ukiimwaga kwa kijiko mstari wake unapotea kabla hujahesabu mpaka kumi. Alichanganya njano ile hasa. Kwa kifuko cha plastiki kilichokatwa ncha alizungusha kingo za kreni, akajaza katikati, akapasua viputo kwa kijiti cha meno. Kila kiputo alichokipasua alikiona ni jicho la mtu fulani. Simu iliwaka na kuzimika juu ya friji, hakuigusa. Alhamisi yote na Ijumaa yote dirisha lilibaki limefungwa pazia.

Njano ilipokauka alichora nyaya kwa rangi nyeusi, nyembamba kama unywele, kisha kibanda, kisha kitambaa chekundu. Arobaini. Akasimama, akazitazama zilivyojipanga kwenye trei, nzuri za kutia uchungu.

Halafu akachukua biskuti moja iliyobaki tupu, akaipaka nyeupe, akangoja ikauke, akaandika kwa herufi nyekundu, kwa mwandiko wake mzuri kabisa: MWONGO.

"Hiyo ndiyo yenyewe," dada yake alisema.

Akaiweka katikati ya boksi, kati ya kreni na kreni.

Jumamosi alivaa gauni la kijani lililombana kiuno, akapaka wanja, akavaa viatu vya visigino. Mtu akienda kugombana asiende kama ametoka kuosha vyombo. Alidhamiria kuweka maboksi mezani, amtazame mara moja tu, kisha aondoke kichwa juu.

Nyumba ilikuwa imejaa mpaka barazani. Mama mwenye sherehe, mnene, mcheshi, kajifunga kilemba cha zambarau, alimpokea kwa mikono miwili. "Binti wa biskuti! Wee, ni kadogo hivi? Hapana, huondoki! Kaa uone watu watakavyochanganyikiwa."

Mtu wa Juu alikuwa amesimama kwenye kona, shati jeupe limepigwa pasi, kazungukwa na wajomba. Alipomwona anaingia na maboksi, soda ilimponyoka mkononi.

"Jamani, njooni!" Mama alikwisha funua boksi. "Angalieni kreni ya mwanangu! Na kitambaa chake!" Watu wakapiga vigelegele. Mama akaingiza mkono katikati, akachukua ile nyeupe, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wasioona karibu. Kisha akaisoma kwa sauti, kama asomaye kadi ya zawadi.

"Mwongo."

Vigelegele vikakatika. Kilemba cha zambarau kiligeuka taratibu.

"Binti, nani mwongo nyumbani kwangu?"

Pilipili alitamani sakafu ipasuke. Alikuwa ameiandikia macho ya mtu mmoja, na sasa ilikuwa mkononi mwa mama wa watu aliyempokea kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Si yako hiyo. Ni ya mwanao. Mwaka mzima tunapendana. Safari yake nimeisikia kwako, siku uliponiagiza biskuti. Nikampigia, nikamuuliza ana jipya gani, akaniambia upepo."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia!" Mtu wa Juu alipasua watu akaja mbele. "Nimekupigia siku mbili nzima, hupokei!"

"Barua ya kazi ilikuja lini?"

Akageuka kuwatazama wajomba.

"Lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Kila siku 'laazizi nakuona', kumbe unaniona unanicheka!"

"Sawa!" Sasa naye alifoka, na Pilipili hakuwahi kumsikia akifoka. "Sawa, mimi mwongo, liandike hata kwenye ukuta! Na wewe je? Mwaka mzima nakuuliza lini utanipeleka kwenu. Subiri kidogo, subiri kidogo! Mama yako akipiga simu unaniambia ninyamaze, kama mimi mwizi chini ya kitanda. Mtu unayemwonea aibu anakuaga vipi? Mkataba unaruhusu mke. Nimeusoma mara mia. Nilitaka kuleta posa. Niilete wapi? Nikuposee dirishani?"

"Sikukuonea aibu! Nilimwogopa mama!"

"Na mimi nilikuogopa wewe!"

Mama mwenye sherehe alijipenyeza katikati yao.

"Kumbe mkwe wangu," alisema polepole, na sauti ikaanza kupanda. "Kumbe nimempigia mkwe wangu, kwa mdomo wangu huu, nikamwagiza apambe biskuti za kumtenganisha na mwenzake! Na yeye akazipamba! Wewe mtoto, umenivua nguo mbele za watu. Wiki tatu unakula hapa, unalala hapa, mdomo umeufunga kwa gundi? Na wewe binti, ungenijia tu ukaniambia, ningemchapa mimi mwenyewe. Biskuti ya matusi katikati ya wageni wangu! Tokeni wote wawili. Tokeni mkamalize huko mlikoanzia, na msirudi hapa hamjakuwa kitu kimoja au vitu viwili!"

Akauma ile biskuti, akaitafuna kwa hasira mpaka ikaisha, asiisome mtu mwingine.

Nje jua lilikuwa kali. Pilipili alitembea mbele, visigino vikigonga lami, na Mtu wa Juu nyuma yake.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Basi ndiyo tumeachana?"

Aligeuka katikati ya njia. Machozi yalikuwa yameharibu wanja wote. "Nani kakwambia tumeachana? Umesema posa mbele ya ukoo wako mzima, unadhani ulikuwa unaimba? Nyumbani ni kwetu. Kwa mama yangu. Tembea!"

"Sasa hivi? Mikono mitupu?"

"Sasa hivi, kabla sijaanza kuogopa tena. Na usifikiri nimekusamehe. Wala sijasema nitakwenda huko bandarini kwenu. Mimi nina kazi yangu. Tutazungumza. Lakini utazungumza ukiwa umekaa kwenye kiti cha nyumba yetu, unaonekana."

"Pilipili, utanikubali au unanipeleka kuhukumiwa?"

"Vyote viwili."

Walipanda ngazi za ghorofa mbili, mkono wa Pilipili umekamata mkono wa shati jeupe mpaka pasi yote ikapotea. Akabisha. Mwalimu mkuu mstaafu alifungua mlango, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa anasahihisha fumbo la gazetini. Alimtazama binti yake, wanja mashavuni. Alimtazama kijana, kuanzia viatu mpaka kichwani, na ilikuwa safari ndefu.

"Nani huyu?"

Pilipili alivuta pumzi. "Mama, huyu anaendesha kreni. Jumatano anakwenda mbali, miaka miwili. Anataka kunioa na mimi nataka anioe. Mwaka mzima nilikuficha. Na sasa hivi nimemkasirikia sana."

"Shikamoo, mama," Mtu wa Juu alisema. "Na mimi nimemkasirikia."

Mama alitazama ule mkono uliokamata shati, vidole vikiwa bado na madoa ya rangi ya njano kwenye kucha, navyo havikuonyesha dalili yoyote ya kuachia.

"Na mimi nimewakasirikia nyote," alisema mwisho, akavua miwani. Akasogea pembeni ya mlango. "Ingieni. Nina viti vitatu."