Bomba la Maji ya Mtoto

Mwantum alimwaga maji aliyomwogeshea mtoto, akayasikia yanaingia kwenye bomba. Nje, upande wa barabarani, mdomo wa bomba ulikuwa mkavu. Hata mchanga haukulowa.

Nyumba ile, maji ya mtoto mchanga yalimwagwa kwenye shimo la uani na kufunikwa jiwe mpaka arobaini ipite. Hayakumwagwa njiani. Wapitao njiani ni wengi, na si wote watu. Lakini mwaka ule saruji ilianza kuuzwa huru, bila kibali cha serikali, na Shamte, mumewe, muuza mitumba wa Singida mjini, akasakafia ua mzima. Shimo akaliziba, akatoboa ukuta, akapitisha bomba.

"Mama, hayatoki," Mwantum alimnong'oneza mkwewe.

Bi Hajira akainama, akatega sikio. Ndani ya bomba kitu kilikuwa kinameza. Gu. Gu. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikampanda puani.

"Mwanangu, tunamnywesha nani humu?" alimwuliza Shamte.

Shamte akacheka. "Panya hao, mama. Nivunje saruji yangu kwa ajili ya panya?"

Haya, akabaki na saruji yake, na mtoto Idrissa, aliyezaliwa mnene, akaanza kupungua, kila akiogeshwa anatoka mwepesi kuliko alivyoingia, ngozi imekunjamana kama ya kizee, na kule bombani kitu kinanyamaza kidogo, kisha kinagonga, kinagonga, kama mtu aliyemaliza kikombe chake na sasa anadai kingine.

Mganga Mselemu aliletwa kutoka Ihanja. Hakuwa mtu wa porojo.

"Umemzoesha. Sasa maji hayamtoshi, anamtaka mtoto mwenyewe. Chagua: sakafu au mwana."

Shamte alishika sururu kwa mikono yake, analia. Shimo lilipofunuliwa, mganga akafukiza ubani, akasoma, na bomba likatapika barabarani maji yote ya siku zile, meusi, yangali na uvuguvugu.

Idrissa akanyonya. Akanenepa. Shamte akachinja mbuzi.

Siku ya arobaini Bi Hajira alimwogesha juu ya shimo, kwa mara ya mwisho. Akammwagia kata nzima kichwani. Maji yakashuka usoni, yakashuka shingoni, lakini miguuni hayakufika. Udongo ulibaki mkavu.

Mdomo wa mtoto ulikuwa umefumbwa. Kooni mwake, gu. Gu.

Kisha kidole chake kidogo kikanyooka, kikagonga kata.