Kibao cha Kulia

Kila alasiri baada ya shule, Msumari alifagia maranda katika karakana ya baba yake, fundi seremala. Jina hilo alilipata kwa kumshikia baba misumari tangu akiwa mdogo. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na wiki nzima baba hakumwomba msumari hata mmoja. Baba alikuwa akichonga vibao vya Kidoti, mdogo wake Msumari wa darasa la awali: MBELE, KUSHOTO, KULIA. Darasani kwa Kidoti, watoto walivipanga mstari mmoja, na mtu aliyejifanya roboti alivifuata kimoja kimoja. Eti ndiyo kuandika programu. Msumari aliona wivu. Siku tatu alimwamkia baba bila kumtazama.

Siku ya wazazi shuleni ilipofika, Kidoti alimchagua dada yake awe roboti.

"Dada, fuata kibao tu," alimnong'oneza. "Usiongeze lako."

Msumari alisonga hatua tatu mbele, kama vibao vilivyoamuru. Cha nne kilisema KULIA. Hapo wivu ukampa akili. Alijiziba uso, akaangua kilio cha uongo.

Wazazi walicheka mpaka wakashika mbavu. Kidoti hakucheka wala hakulia. Aliinama akavipitia vibao kwa kidole.

"Kosa ni langu, mwalimu," alisema. "Roboti hajui ninachofikiria, na neno langu lina maana mbili."

Akaomba chaki, akachora mshale kwenye kibao. "Dada, anza tena."

Safari hii Msumari aligeuka upande wa kulia. Mbele. Mbele tena. Alipoinua macho, alikuwa amesimama mbele ya baba yake.

"Ndipo nilipotaka ufike," alisema Kidoti. "Siku hizi huongei na baba."

Msumari akalia, sasa kweli. "Si kosa lake, baba. Nilijua kibao kinataka nini. Nilimwonea wivu."

Baba alimfuta machozi kwa kiganja chenye vumbi la mbao. "Kumwangusha mwenzio hakukupandishi wewe, mwanangu. Mnabaki chini wote. Na ukiwa na donge, liseme; mimi nami ni kama roboti, sijui unachofikiria. Kesho tunachonga vya darasa zima. Nani atachora mishale?"

"Mimi," alisema Msumari. Akamtazama mdogo wake. "Na Kidoti anishikie chaki."