Picha ya Pili kwenye Kadi

Haki ya Mungu, nife nikidanganya: haya yote yametokea. Nusu yake nimeyaona kwa macho yangu, maana miaka thelathini na mmoja nilikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni za Leeds kwenda Scarborough. Nusu nyingine niliambiwa na shakwe. Niliapa hivyohivyo baa, mbele ya Stan na wenzake: nikikutwa na uongo mmoja tu, nawanunulia wote samaki na chipsi.

Walikutana stesheni ya Leeds, Jumatatu asubuhi. Watu wamekodolea macho ubao wa ratiba, mara namba ya jukwaa ikabadilishwa, kila mtu akatoka mbio. Gemma, msusi, mwenye koti jekundu na viatu virefu, akabaki nyuma. Ross, fundi umeme, akauzuia mlango wa treni kwa buti lake.

"Toa mguu!" nilimfokea.

"Akiingia huyu dada, nautoa."

Gemma akaingia akihema. "Umeniokoa."

"Basi nipe namba ya simu."

Ikafuata miezi miwili ya simu.

"Unafanya nini, kipenzi?"

"Namkata bibi mmoja nywele."

"Msalimie."

"Anasema unamchelewesha."

Lakini Gemma alikuwa na kidonda moyoni. Mchumba wake wa kwanza, miaka miwili mizima, alikuwa na mke mjini Hull. "Nikiona kivuli cha mwanamke mwingine," alimwambia Ross, "siulizi mara mbili. Naondoka."

Ndipo wakapanga Jumamosi moja kwenda kuona bahari na kurudi. Gemma alivaa gauni la njano la maua, na juu yake koti la mvua, kwa kuwa ilikuwa Julai ya Uingereza. Ross alivaa shati lililonyooshwa mpaka likawa na makali. Tulipoipita York nikawafikia. Ross akanipa simu yake, na kwenye kioo ikatokea kadi ya punguzo, ile ya watu wawili: picha mbili, na nauli inapungua mkisafiri pamoja. Picha ya kwanza ilikuwa ya Ross. Ya pili, mrembo wa midomo myekundu na nywele zilizotuna.

"Huyu siye wewe, mpenzi," nilimwambia Gemma. Kwetu Yorkshire hata paka tunamwita mpenzi.

Ross akaiva uso kwa aibu. "Simu imeitumia kadi hiyo yenyewe nilipokata tiketi!"

Nikamhurumia, nikafumba jicho, nikapita zangu.

"Nani yule?" Gemma akauliza.

"Nitakueleza tukifika."

"Dada yako, sivyo? Wanaume wote wanaokamatwa wana madada."

"Gemma, kipenzi..."

"Kipenzi chako yumo kwenye kadi."

Scarborough iliwapokea kwa upepo na harufu ya siki ya chipsi. Ufukweni punda walibeba watoto. Simu ya Ross ikalia, naye akajitenga nyuma ya kibanda cha aiskrimu. Gemma akamnyemelea, viatu mkononi.

"Bado hajajua," Ross alinong'ona. "Vaa lile gauni la buluu. Usije mpaka nikwambie."

 Gemma akajitokeza.

"Lete hiyo simu. Nataka nimwone vizuri, halafu napanda treni ya saa nane."

Ross akampa. Gemma akaikuza picha. Akaitazama kwa wivu. Kisha, bila kutaka, akaitazama kwa jicho la kazi.

"Ross. Nywele hizi zimekunjwa kwa dawa na rola ndogo. Mtindo huu nimeuona kwenye vitabu vya mafunzo tu. Nani anatengenezwa hivi siku hizi?"

"Hakuna. Ni picha ya mwaka themanini na mbili. Alikataa kabisa kupigwa nyingine."

"Nani?"

"Mama. Kabla hajahamia huku tulikuja pamoja kila mwezi. Nilitaka uipende bahari kwanza, ndiyo umwone. Mchumba wangu wa mwisho alikimbia baada ya chai moja naye."

"Mimi huyo hapo!" ilisema sauti. Alikuwa Doreen, mama yake Ross, gauni la buluu, nywele zimetuna vilevile, ila nyeupe. "Ndiye msusi? Zangu usiziguse."

Gemma akacheka mpaka akaketi. Ross akapiga goti kwenye mchanga wenye maji.

"Kadi inakwisha mwezi ujao. Nataka picha ya pili iwe yako."

"Ya mwaka mmoja?"

"Inaongezwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mkaguzi ashindwe kututambua."

Gemma akarusha kiatu juu kwa furaha, shakwe akakidaka na kuondoka nacho.

Nilipofika hapo kwenye kisa changu, pale baa Stan alikuwa anafuta machozi. Mara nikasikia nyuma yangu:

"Eti alifumba jicho!"

Nikageuka. Gemma huyo, na Ross wake, pete vidoleni.

"Mzee Norman, ulimtoza Ross nauli kamili ya watu wawili, ukamhutubia mpaka stesheni ya Malton!"

"Risiti hii hapa," Ross akaongeza, akininyooshea simu. "Na viatu vyake vyote viwili viko nyumbani."

Baa nzima ikaanza kugonga meza. Nikajikokota hadi kaunta.

"Samaki sita na chipsi."

"Saba," akasema Doreen kutoka mlangoni, akizishikashika nywele zake. "Na siki nyingi, mpenzi."