Upande wa Milango

"Wewe! Unapima nini hapo, kaburi langu?"

Watu waliokuwa wakisubiri kuvuka mbele ya posta waligeuka wote. Aliyepiga kelele alikuwa dada mwembamba juu ya baiskeli nyekundu, sare yake nyeupe ya uuguzi ameibana magotini kwa vibanio vya nguo, breki zote mbili amezishika mpaka vidole vimempauka. Hatua moja mbele yake, katikati ya magari yanayonguruma, alikuwa amechuchumaa mwanamume mrefu mwenye fulana ya rangi ya chungwa. Alikuwa amenyoosha futi ya chuma barabarani utadhani fundi cherehani anakata suruali.

"Samahani, dada. Napima upana."

"Upana wa nini? Nusura nikupitie juu!"

"Upana wa njia ya baiskeli," alisema, akainuka na kutabasamu. "Njia yako."

Tabasamu lile lilikuwa na mwanya, jamani, na mwanya ule ulimkuta dada wa watu hana kinga. Alikuwa na matusi mengine matatu tayari ulimini. Yote yalimpotea.

Mjini humo kila mpanda baiskeli alimwita dada huyo Kengele. Alikuwa mwenyekiti wa chama chao, na kwenye mikutano ya halmashauri alikuwa hanyamazi mpaka ajibiwe. Tangu aanze kazi wodi ya majeruhi alikuwa akipokea wauza mikate waliogongwa, wanafunzi waliogongwa, na wengine ambao hakuwahi kujua walikuwa wanakwenda wapi. Kubwa zaidi, baba yake mwenyewe, fundi saa mwenye sikio moja bovu, aliendesha baiskeli Barabara Kuu kila asubuhi kwenda kibandani kwake, na hasikii la mtu. Kengele alitaka njia salama kabla barabara ile haijamla baba yake. Ndiyo habari yote, hakuna siasa hapo.

Mwenye mwanya alikuwa mhandisi wa halmashauri, na mchoro wa Barabara Kuu ulikuwa mezani kwake. Kengele alimpa jina siku ile ile: Bwana Futi.

Basi simu zikaanza.

"Bwana Futi, umeshakula?"

"Bado, mpenzi. Nachora."

"Nani kakwambia mimi mpenzi wako? Ulinipima lini?"

"Siku ile mbele ya posta. Nikaona unatosha."

"Toka hapa!" alicheka Kengele, huku amejificha stoo ya bandeji ili muuguzi mkuu asimwone. "Ukimaliza kuchora njoo nikufundishe kuendesha. Mtu anachora njia ya baiskeli na yeye baiskeli anaisukuma kwa mkono kama toroli!"

Alimfundisha kweli, Jumapili, kwenye uwanja wa shule. Magoti ya Bwana Futi yalitokeza pembeni, kofia ngumu imemkaa juu kama kikombe, na watoto walimcheka mpaka wakakaa chini. Alipofika mwisho wa uwanja bila kuanguka alirusha mikono juu kushangilia, akaanguka. Kengele alimfuta vumbi begani kwa kiganja, na kiganja kikakawia pale. Alimpenda. Hakuona sababu ya kujidanganya.

Halafu yule mwanamume akaanza kubadilika. Kengele akiuliza habari za njia, yeye anauliza habari za wodini. Akimwomba amwonyeshe mchoro, mchoro uko kwa Mkurugenzi. Akimbana zaidi, anambusu kwenye paji la uso. Busu tamu, ndiyo, lakini mwanamke si mtoto wa kutulizwa na peremende.

"Kuna nini, mpenzi?"

"Hakuna kitu. Kazi tu."

Rangi ikapakwa. Mistari miwili myeupe, mipana, kutoka posta mpaka sokoni. Kengele alikuwa zamu ndefu wiki ile na hakupata nafasi ya kuiona, ila baba yake aliiona, akaja nyumbani anajigamba kana kwamba kaichora yeye. Asubuhi iliyofuata alivaa shati la mikono mirefu, akaipangusa baiskeli kwa kitambaa, akatoka akipiga mluzi.

Wakamleta wodini kabla ya saa nne.

Kengele alikuwa anabadilisha shuka alipoiona kandambili moja ya baba yake juu ya machela. Alitupa shuka, akakimbia.

"Baba!"

"Usipige kelele, mwanangu, hili sikio zima linasikia," mzee alisema, uso umemjaa jasho. "Kuna bwana kaegesha gari, kafungua mlango bila kuangalia. Mimi niko ndani ya mistari. Ndani kabisa!"

Mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, ulikuwa umevunjika. Nyuma ya mzee lilikuwa linakuja lori la mchanga, na dereva wa lori aliwahi breki. Kengele alilisikia neno hilo la lori kutoka kwa waliomleta, akaomba ruhusa, akaenda kuitazama hiyo njia kwa macho yake. Mistari myeupe ilikuwa imepita ubavuni kabisa mwa magari yaliyoegeshwa, upande wa milango. Kila mlango ukifunguka unaziba njia nzima. Upande wa pili, magari yanapita kwa kasi. Mpanda baiskeli alikuwa amewekwa katikati kama nyama kwenye mkate.

Alipiga simu pale pale, amesimama barabarani.

"Mpenzi, niko kwenye kikao, nitaku..."

"Ulijua?"

Alisikika akitoka kikaoni, akafunga mlango.

"Nakuuliza. Ulijua kwamba njia inapita kwenye milango?"

"Nilijua," alisema Bwana Futi taratibu. "Mchoro wangu ulikuwa tofauti. Niliweka baiskeli ndani, kando ya watembea kwa miguu, na magari yaegeshwe nje yao, yawe ukuta. Wenye maduka wakagoma. Mkurugenzi akageuza, akasema ni hivi au hakuna njia kabisa. Nilidhani nitarekebisha kabla ya uzinduzi, ndiyo maana..."

"Ndiyo maana ukaninyamazia."

"Sikutaka kukuvunja moyo."

"Umemvunja baba yangu mtulinga!" Sauti yake ilipasuka, na watu wakasimama kutazama. "Mkurugenzi ni Mkurugenzi, simjui. Wewe nilikulisha kwa mkono wangu! Ungeniambia neno moja tu, baba yangu ningemzuia mlangoni. Neno moja! Usinipigie tena."

Akakata. Akalifunga lile jina kwenye simu lisiweze kupita, akarudi wodini kumshikia baba yake beseni, machozi yanamtoka na hata hakuyafuta.

Siku zilizofuata zilikuwa za moto. Chama kilikuwa kimealikwa kwenye uzinduzi: Meya akate utepe, Kengele aongoze wanachama na watoto wa shule kupita kwenye njia mpya, picha zipigwe. Kengele aliandika kukataa. Mkurugenzi akampigia mwenyewe.

"Dada, sikiliza vizuri. Msipokuja, nitasema wapanda baiskeli hawaitaki njia. Mistari nitaifuta yote, na wakati mimi nipo ofisi hii hamtaiona nyingine."

"Kwa hiyo nipeleke watoto wa watu kwenye milango?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unapiga kelele kila mwaka. Amua."

Aamue nini sasa? Akienda, kesho atampokea mtoto wa mtu juu ya machela, na atakuwa yeye ndiye aliyempeleka. Asipoenda, wauza mikate watarudi katikati ya malori kama zamani. Usingizi ukamkimbia, chakula kikamshinda. Mbaya zaidi, kila alipokwama alijikuta anamtafuta kwenye simu mtu mmoja, yule yule ambaye Kengele mwenyewe hakutaka kumsikia.

"Yule kijana wako mbona haji kuniona?" aliuliza baba yake, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

"Si wangu, Baba."

"Haya, si wako. Basi mbona unapika chai bila majani?"

Kengele alitazama ndani ya birika. Maji matupu, yanachemka.

Asubuhi ya uzinduzi alivaa gauni la bluu lililomkaa vizuri kiunoni, akafunga kilemba, akapiga moyo konde. Angesimama mbele ya Meya na kusema hapana, liwalo na liwe. Wanachama walikuwa wamekusanyika mbele ya posta na baiskeli zao, nyuso ngumu, watoto wa shule wamepangwa nyuma ya mwalimu wao. Alipopenya mbele, alisimama ghafla.

Magari yalikuwa yamehama. Mstari mzima, kutoka posta mpaka sokoni, yameegeshwa mbali na ukingo wa barabara, na kati yake na watembea kwa miguu kulikuwa na nafasi tupu, safi. Ndani ya nafasi hiyo, kando ya magari, mtu alikuwa amechora kwa chaki ukanda wa mistari ya mshazari. Mtu mwenyewe alikuwa bado amepiga magoti mwishoni mwa ukanda, upande wa posta, chaki mkononi, suruali nyeupe kwa vumbi.

"Ni magari ya nani haya?" Kengele aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ile.

"La kwanza langu. Mengine ya wenzangu ofisini. Tulikuja alfajiri." Hakuthubutu kumtazama usoni. "Huo ukanda wa chaki ni nafasi ya mlango kufunguka. Baiskeli zinapita huku."

"Futi yako ilishanidanganya."

"Futi haikudanganya. Mimi ndiye niliyenyamaza."

Gari jeusi lilisimama, Mkurugenzi akashuka, tai imemwenda kombo. "Nani kaamuru upuuzi huu?"

"Mimi, mzee."

"Ondoa magari haya sasa hivi! Meya yule pale anakuja!"

"Siyaondoi."

"Basi umemwaga unga, kijana. Kesho usije ofisini."

"Najua," alisema Bwana Futi, na hakusogea.

Meya alikuwa ameshafika, mama mfupi mwenye miwani, anatazama huku na huku. Watu wote walimgeukia Kengele. Anaweza kumwamini tena mtu huyu? Na watoto wa watu je?

"Ingia kwenye gari lako," alimwambia. "Kaa upande wa abiria."

"Unataka kufanya nini?"

"Ingia! Nikifika usawa wako, fungua mlango. Wote, kwa nguvu, kama mtu asiyeangalia."

"Hapana. Siwezi. Ukiyumba je?"

"Watoto hawatayumba? Unaamini ulichokichora au huamini?"

Akaingia. Kengele alirudi nyuma mpaka kwenye ngazi za posta, akakunja gauni, akapanda. Alikanyaga pedali kwa nguvu zake zote. Kilemba kilifunguka, akakiacha. Gari likakaribia, akauona uso wa yule mwanamume nyuma ya kioo, macho ameyatoa. Akamchukia na kumpenda kwa pumzi moja. Mlango ukafunguka kwa kishindo.

Upepo tu. Mlango uliishia kwenye chaki, na yeye alikuwa ameshapita, mkono mzima wa nafasi ubavuni mwake.

Wauza mikate walipiga kelele za furaha. Kengele aligeuza baiskeli, akarudi mbele ya Meya akihema.

"Mheshimiwa, ikiwa hivi, tunapita, na watoto wanapita. Magari yakirudishwa kule, hatumo. Baba yangu yuko nyumbani na mfupa uliovunjika kwa ile mistari ya kwanza."

Mkurugenzi alifungua mdomo. Meya akainua kidole kimoja kumnyamazisha, akaenda mwenyewe kwenye gari, akafunga mlango, akaufungua tena, akautazama unapoishia.

"Magari yabaki," alisema. "Rangi ipakwe hivi. Na wewe kijana, habari ya kuhamisha barabara yangu bila ruhusa tutaizungumza ofisini, usifikiri nimesahau."

Watoto wakapita, mwalimu wao akawageuza kabla ya kufika sokoni, kengele zao zinalia zote kwa mpigo. Kengele alisimama pembeni akiwatazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Bwana Futi alikuja akasimama karibu yake, si karibu sana.

"Kuna jambo baya," alisema. "Nataka ulijue sasa. Pale sokoni, kwenye mzunguko, ukuta wa magari unakatika. Mtachanganyika na mabasi. Nimechora mara nyingi, sijapata jibu. Pale si salama bado."

Kengele alimgeukia. Machozi yalikuwa yameshampanda. "Sema tena."

"Pale si salama."

"Hivyo hivyo," alisema, akamshika kola yenye vumbi la chaki. "Hivyo hivyo ndivyo nilivyotaka tangu mwanzo. Kesho nitamweka mtu pale asimamishe mabasi. Kuna jingine baya?"

"Liko moja. Pengine sina kazi, na nataka kukuoa."

"Hilo la mwisho nalo ni baya?"

"Inategemea utajibu nini."

Alicheka huku analia, jamani, mbele ya Meya na wauza mikate wote. Akampa baiskeli nyekundu aisukume, yeye akaokota kilemba chake barabarani, akakikung'uta.

"Twende nyumbani. Baba anakungoja siku zote hizi," alisema. "Na ukifika usianze na habari ya kuoa. Anza na mtulinga wake."