Chai ya Zambarau

Jumamosi moja ya Novemba 2014 nilikwenda Kasulu na mume wangu, Gasper, kuchukua mbegu za mahindi. Yeye alikuwa bwana shamba wa kata ya Titye, mimi nikifundisha darasa la pili shule ya hapo hapo. Ndoa yetu ilikuwa na miaka miwili. Kwao ni Tabora, kwetu Singida. Huku Kigoma tuliletwa na ajira.

Mbegu zilichelewa kufika dukani kwa Abdulrahmani, kwa hiyo tulianza safari ya kurudi jua likiwa linazama. Nusu ya njia mvua ikatushukia. Ile ya huku Kigoma, inayogeuza barabara kuwa uji mwekundu. Pikipiki ikaanza kuteleza. Gasper akaona moshi ukitoka kwenye nyumba moja ya udongo kando ya njia, akakata kona.

"Hodi!"

"Karibuni," sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani. "Mbona mmechelewa?"

Nilidhani amekosea watu.

Alikuwa mama wa makamo, amejifunga kitenge cha kijani, ameketi kwenye kigoda mbele ya mafiga. Alituonyesha mkeka. Nyuma yake pazia la khanga kuukuu lilifunika mlango wa chumba cha ndani. Sufuria ilikuwa ikitokota. Nilinusa tangawizi, nikanusa iliki. Chai ya rangi ya kawaida, inayochemka kila nyumba mvua zikianza.

Lakini chini ya iliki kulikuwa na harufu nyingine...

Ya tunda. Tamu, nzito, kama tunda lililoiva likaanza kuchachuka.

"Umetia nini, mama?" nikauliza.

"Chai ni ile ile mnayoijua. Nimeongeza tunda kidogo." Akatumiminia kwenye vikombe vya bati. "Onjeni, kisha mniambie ni tunda gani."

Nikaonja. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Kwanza tangawizi ikakwaruza koo, halafu ukali mtamu ukabaki pembeni mwa ulimi.

"Pasheni," nikasema.

Yule mama akaitikia kwa kichwa, wala hakuniangalia tena. Alikuwa akimtazama Gasper.

Gasper alipiga funda moja. Akatulia. Akapiga la pili.

"Zambarau," akasema taratibu.

Nyumbani kwao Gasper anaitwa Kulwa, maana alizaliwa pacha. Mwenzake aliitwa Doto. Walipokuwa na miaka tisa walipanda mzambarau pamoja, tawi likakatika, Doto akaanguka na kufa pale pale. Gasper alinisimulia mara moja tu. Tangu siku ile hakutia zambarau mdomoni.

"Zambarau ya wapi?" yule mama akauliza. Alikuwa ananong'ona sasa.

"Ya kwetu. Ya nyuma ya kisima."

"Na juu ya mti ulikuwa na nani?"

Nilitaka kusema: usimjibu. Nilifungua mdomo. Ulimi ulilala kama kipande cha nyama ya mtu mwingine.

"Doto," akasema mume wangu.

Mvua ilikuwa bado inapiga bati, lakini sikuisikia tena. Nilisikia kitu kingine. Nyuma ya pazia... miguu midogo, mitupu, ikitembea juu ya sakafu ya udongo.

Tap. Tap. Tap.

"Kulwa..."

Sauti ya mtoto.

Gasper akaweka kikombe chini. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Akainuka.

Nilijaribu kumshika suruali. Mkono haukunyanyuka. Nilishindwa hata kukiachia kile kikombe, na kilikuwa kinaniunguza. Nilimtazama tu akilisogeza pazia na kuingia.

Pazia halikufika chini. Niliona gamubuti zake nyeusi za mpira. Mbele yake nikaona miguu miwili ya mtoto, imepauka kwa vumbi, kidole kimoja kikiwa na jeraha bichi.

Kisha nikaona miguu ni miwili tu.

Ya gamubuti.

Alipotoka alikuwa anatabasamu. Mdomo wake wote, meno na ulimi, ulikuwa wa zambarau. Na gamubuti alikuwa amezivaa kinyume, ya kulia kushoto.

Kikombe kikaniponyoka. Mwili ukarudi kuwa wangu. Nilimvuta mkono tukatoka nje mvuani, na mkono ule ulikuwa wa baridi. Nilipomwambia awashe pikipiki aliizunguka akiishangaa, akagusa taa kwa kidole.

"Hii inapigaje kelele?" akaniuliza.

"Gasper, acha mchezo. Twende nyumbani."

Akanitazama usoni kwa muda mrefu. Kwa adabu kabisa akasema:

"Dada, wewe ni nani?"

Niliisukuma ile pikipiki hadi Titye, naye akinifuata nyuma akipiga mluzi.

Hospitalini walimpima malaria, wakampima sukari, wakampiga picha ya kichwa. Hawakuona kitu. Daktari alisema huenda ameteleza akajigonga, apumzike. Alikuwa anakula vizuri. Alicheka na watoto wa jirani, akawatengenezea magari ya mabua. Jina lake aliweza kuliandika, ila kwa herufi kubwa za mtoto wa darasa la tatu. Sikulala naye tena chumba kimoja. Ningewezaje?

Siku ya tatu nilirudi kwenye ile nyumba, mchana kweupe. Yule mama alikuwepo, anamenya mihogo.

"Nirudishie mume wangu," nikamwambia.

"Mimi napika chai tu, mwalimu. Aliyeita ni yeye."

"Mbona na mimi nilikunywa, na sikudhurika?"

"Wewe huna wa kumwita."

"Gasper yuko wapi?"

Aliendelea kumenya. "Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Amempisha mwenzake."

Nilimruka nikaingia nyuma ya pazia. Kulikuwa na gunia la maharage, majembe mawili, ukuta. Hakuna dirisha, hakuna mlango mwingine. Nikaita jina lake. Nikaita tena.

"Elieth..."

Jina langu lilitoka ukutani. Mbali, kama mtu aliye chini ya kisima.

"Elieth, mbona giza? Washa taa basi."

Nilichimba ule ukuta kwa kucha, halafu kwa jembe, nikautoboa. Upande wa pili kulikuwa na migomba na kuku wanaparua. Mwenye nyumba hakunizuia. Alikuja tu na karai la udongo mbichi, akaziba tundu, akarudi kwenye mihogo yake.

Nilikwenda kila siku baada ya vipindi. Kila siku sauti ilikuwa mbali zaidi. Nilimpeleka mwenyekiti wa kijiji, mzee Pasikali. Alitega sikio ukutani muda mrefu, akavua kofia.

"Sisikii kitu, mwalimu. Pole sana."

Na mimi nilikuwa nasikia! Pale pale, akiwa amesimama, nilikuwa namsikia mume wangu akiomba maji.

Wiki mbili kabla ya Krismasi sauti ilikoma.

Nilibakiwa na tumaini moja. Mama yake. Nilijiwazia kwamba mzazi hawezi kudanganyika na sura, ataona, atapiga kelele, watu wataniamini. Pengine kwao Tabora kuna mtu anayejua namna ya kumrudisha. Nikampigia simu, nikamwambia Kulwa anaumwa.

Alifika Januari. Tulimpokea stendi ya Kasulu, mimi na yule niliyekuwa nikiishi naye. Mama alishuka kwenye basi na mfuko wa karanga kichwani, akiwa ameanza kutabasamu kutoka mbali. Alipobakiza hatua tatu, akasimama.

Tabasamu likafutika.

Mfuko ukaanguka, karanga zikamwagika kwenye tope. Alimtazama macho, akamtazama mdomo. Akaushika uso wake kwa mikono miwili na kunusa utosi wake, kama unavyomnusa mtoto mchanga.

"Doto," akasema.

"Mama," akajibu yule, akaanza kulia.

Nikamshukuru Mungu. Nilimshika mama bega, maneno yakanitoka yote kwa pamoja: nyumba, chai, ukuta, sauti. "Twende sasa hivi, mama. Nakuonyesha alipo Kulwa. Tukiwa wawili labda..."

Aligeuka. Sijawahi kuona macho ya namna ile.

"Nyamaza, mwanangu," akaninong'oneza. "Nyamaza kabisa. Miaka ishirini na miwili nimemlilia huyu."

"Na Kulwa je?"

Alikuwa ameshapiga magoti, anamfuta mwanawe tope miguuni kwa upande wa khanga yake.